Kompyuta Imebadilika Sura, Wewe Hujawa Mjinga

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa dada mmoja ambaye ni karani wa shule ya sekondari. Ana miaka 22 kazini. Shule yake imeletewa kompyuta mpya yenye Windows 11, toleo jipya la programu kuu inayoendesha kompyuta, ile ya zamani ikaondolewa mezani siku hiyohiyo, na tangu hapo kazi aliyokuwa akiimaliza kwa nusu saa inamla asubuhi nzima. Aliniuliza mambo mawili: kama umri umeanza kumzidi, na kama ni vyema amwombe mkuu wa shule amrudishie kompyuta yake ya zamani. La pili nitalijibu mwishoni. La kwanza nataka kulijibu kwa kirefu, kwa sababu linagusa jambo nililolifanya mwenyewe na ambalo mpaka leo linaniuma.

Hapana, dada yangu, si umri.

Nina duka la steshenari hapa Morogoro, si mbali na stendi ya Msamvu. Tunachapa, tunatoa kopi, tunaskani vyeti, na zaidi ya yote tunawasaidia watu kutuma maombi ya kazi na ya vyuo mtandaoni. Kabla ya duka nilikuwa fundi wa kupiga Windows, yaani kuiweka kwenye kompyuta za watu, na mwaka 2013 ulikuwa mwaka wangu wa neema. Windows 8 ilikuwa imetoka Oktoba 2012 bila kitufe cha Start, kile cha kufungulia programu na kuzimia kompyuta, ambacho watu walikuwa wamekizoea katika kona ya chini kushoto tangu enzi za Windows 95. Mtu alikuwa akinunua kompyuta mpakato mpya, akiiwasha anakuta skrini imejaa vigae vya rangi, na jioni ikifika hajui namna ya kuizima, kwa kuwa ilimpasa apeleke kipanya hadi kwenye kona ya kulia, asubiri alama zijitokeze, afungue mipangilio, ndipo aone pa kuzimia. Walikuja kwangu walimu, wauguzi na wafanyabiashara, nami niliwaondolea Windows 8 na kuwapigia Windows 7 kwa shilingi 15,000 kila mmoja, huku moyoni nikiwaona wazito wa kujifunza.

Nakiri kwamba niliwaona hivyo. Sikujiuliza kwa nini Microsoft yenyewe, kampuni inayoitengeneza Windows, ilikirudisha kitufe kile Oktoba 2013 katika Windows 8.1, na kisha kuirudisha menyu yake katika Windows 10 mwaka 2015. Kama kosa lingekuwa la watumiaji, kitufe kisingerudi.

Miaka michache baadaye nilifungua duka, na akaja kufanya kazi kwangu mama mmoja ambaye sote tunamwita Shangazi. Alijifunza kuchapa kwa taipureta katika miaka ya 1980, akawa mchapaji wa ofisi mpaka alipostaafu. Anachapa bila kutazama vidole, huku akizungumza na mteja, na kurasa zake hazina kosa. Wateja walikuwa wakiniambia wazi kwamba wamekuja kwa ajili yake, si kwa ajili yangu, na nilijivunia kuwa naye.

Mwezi wa tano mwaka 2022, Jumapili usiku, nilibadilisha kompyuta nne za duka kutoka Windows 10 kwenda Windows 11. Nyingine mbili zilikataa, maana Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni, na zile zilikuwa kuukuu. Hakuna aliyenilazimisha. Nilitaka duka langu lionekane la kisasa kuliko ya majirani, na nilidhani kwamba anayejua Windows 10 atajua na 11. Sikumwambia mtu yeyote. Nililala nikiwa nimeridhika.

Jumatatu saa nne asubuhi foleni ilikuwa imefika nje. Kijana mmoja alimpa Shangazi flashi yenye barua ya maombi na vyeti vyake vilivyoskaniwa, na maombi yalikuwa yanafungwa usiku wa siku ile. Shangazi aliyachagua mafaili yote, akabofya kulia ili ayanakili kwenye kompyuta, kama alivyofanya mara elfu. Menyu iliyofunguka ilikuwa fupi na ngeni. Yale maneno ya kukata, kunakili na kufuta aliyoyazoea hayakuwepo; juu kabisa palikuwa na alama tano ndogo zisizo na neno hata moja: mkasi, karatasi mbili zilizolaliana, kisanduku chenye herufi A, kisanduku chenye mshale, na pipa. Aliniambia baadaye kwamba lile pipa alilichukulia kuwa chombo cha kuwekea vitu, kwa kuwa yeye alikuwa anataka kuviweka vitu vya mteja mahali salama. Alilibofya. Kompyuta ikamuuliza kwa Kiingereza kama ana hakika, naye akakubali, kwa sababu kwa miaka yote kompyuta ikimuuliza jambo jibu sahihi limekuwa ni kukubali.

Faili likifutwa kwenye flashi haliendi kwenye kapu la taka la kompyuta ambako ungeweza kuliokota. Kijana alipaza sauti. Nilitoka nyuma ya mashine ya kopi, nikamnyang'anya Shangazi kipanya mkononi mbele ya wateja wote, na nikasema maneno ambayo sitayaandika hapa.

Mafaili niliyapata. Faili likifutwa kwenye flashi, kinachoondolewa kwanza ni kumbukumbu ya mahali lilipo, na maandishi yenyewe hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kwa hiyo nilihakikisha hakuna kinachoongezwa kwenye ile flashi, nikaendesha programu ya kurejesha mafaili, na nikayahifadhi kwenye diski ya kompyuta. Yalirudi yote isipokuwa cheti cha kuzaliwa, ambacho kijana alilazimika kukifuata nyumbani tukakiskani upya. Maombi yalitumwa saa mbili usiku. Kijana yule hajarudi tena dukani kwangu.

Nilimkuta Shangazi ameketi kwenye benchi la nje, mkoba wake uko magotini. Aliniambia, "Mwanangu, mimi nimeshapitwa. Tafuta mtoto wa shule." Mtu aliyechapa kwa zaidi ya miaka 30 aliamini kwamba hajui kazi, na aliyemfanya aamini hivyo ni mimi.

Ilinichukua siku kadhaa kuelewa kilichotokea, na ndicho ninachotaka dada yangu karani na wengine wenye hali kama yake wakielewe. Shangazi, kama wengi wetu, hakuwa akisoma menyu. Kompyuta zetu zinazungumza Kiingereza, na Kiingereza cha Shangazi ni cha kukichapa bila kosa, si cha kukielewa kwa kutupa jicho mara moja. Kwa hiyo alijifunza mahali. Alijua kwamba kunakili kuko chini kidogo ya katikati, kwamba kufuta kuko karibu na mwisho, na kwamba Start iko kwenye kona. Kwa anayesoma Kiingereza upesi, menyu ni orodha ya maneno, na maneno yakihamishwa atayatafuta na kuyapata. Kwa Shangazi menyu ilikuwa ramani, na mimi niliibadilisha ramani usiku akiwa amelala, kisha asubuhi nikamlaumu kwa kupotea njia.

Tazama kitufe cha Start chenyewe. Kikiwa kwenye kona huhitaji kukilenga, kwa sababu ukisukuma kipanya kwa nguvu kuelekea chini kushoto mshale utagota pale pale tu, hata ukifumba macho. Windows 11 imekipeleka katikati pamoja na aikoni nyingine, na kila programu mpya inapofunguliwa aikoni zote husogea kidogo kushoto ili zibaki katikati, Start ikiwemo. Kitu ambacho mkono ulikijua bila jicho sasa kinahama mara kadhaa kwa siku. Anayekitafuta kila mara si mzembe. Kweli hakipo pale alipokiacha.

Nilijaribu kumwekea lugha ya Kiswahili kwenye kompyuta pale ilipowezekana. Shangazi aliitumia siku mbili akaniomba niitoe. Alisema sasa na maneno nayo ni mageni, juu ya mahali pageni. Wakati ule nilivunjika moyo, lakini alikuwa na haki: ningepaswa kuanza na Kiswahili siku ya kwanza kabisa alipoijua kompyuta, si siku ambayo kila kitu kingine kimehama.

Kilichotuokoa ni taipureta. Nilimuuliza kwa nini hajawahi kupotea kwenye kibodi, akanijibu kwamba herufi hazijawahi kuhamishwa. Na ni kweli. Mpangilio wa herufi tunaoutumia umetokana na mashine za kuchapa za miaka ya 1870, na sura za skrini zimekuja na kupita huku A ikibaki jirani ya S. Vivyo hivyo, Ctrl na C kwa kunakili, Ctrl na V kwa kubandika, Ctrl na P kwa kuprinti, vimebaki vilevile kwenye Windows tangu miaka ya 1990. Kitufe chenye nembo ya Windows ukikibonyeza pamoja na E kinafungua mafaili, iwe Windows 7, iwe 11. Shangazi alinunua daftari la kurasa 40 akaanza kuandika, ukurasa mmoja kwa kila jozi ya vitufe, kwa mwandiko wake mzuri wa kulala. Baada ya wiki tatu alikuwa ananakili mafaili kwa kasi kuliko mimi, na kwenye ile menyu mpya hakuwa na haja ya kwenda.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huo: jifunze vitufe kwanza, skrini baadaye. Jifunze viwili kwa wiki, si ishirini kwa siku. Kisha rudisha kile kinachorudishika. Bofya kulia kwenye mstari wa chini pasipo na aikoni, fungua mipangilio yake, shuka hadi sehemu ya mwisho, na uchague aikoni zikae kushoto. Start itarudi kwenye kona yake. Ukitaka menyu ndefu ya zamani, shikilia Shift huku ukibofya kulia, nayo itafunguka na maneno yake yote. Katika toleo la mwaka 2024 hata zile alama tano zimewekewa majina chini yake, jambo linaloonyesha kwamba si Shangazi peke yake aliyesumbuliwa nazo.

Na wewe uliye na ofisi, duka au shule, wewe unayeamua lini kompyuta za wenzako zibadilishwe, nakusihi usifanye nilivyofanya. Usibadilishe usiku wa kuamkia siku ya kazi. Usibadilishe zote kwa pamoja. Usimnyang'anye mtu kipanya, hata kama foleni imefika barabarani, kwa sababu mkono haujifunzi kwa kutazama mkono wa mwenzake. Kaa kando yake, taja kitu cha kubonyeza, nyamaza, subiri. Ukiona anachelewa, subiri tena. Mtu huyo anakijua kile kinachoendesha ofisi yako, yaani kazi yenyewe, na fundi aliyekuja kwa saa mbili haijui.

Oktoba 2025, msaada wa Windows 10 ulipokuwa unafikia ukomo, ilinibidi niziondoe zile kompyuta mbili kuukuu. Safari hii nilileta moja mpya, nikaiweka kando ya moja ya zile za zamani, zote zikiwa zimewashwa, kwa wiki mbili. Mchapaji alikuwa huru kuhamia upande wowote kazi inapombana. Wiki ya kwanza walitumia ya zamani karibu siku nzima. Wiki ya pili, siku ya Jumatano, nilikuta ya zamani imezimwa na kufunikwa kitambaa, na hakuna aliyeniomba ruhusa. Aliyekuwa akimwelekeza msichana wetu mpya ni Shangazi, daftari liko wazi mezani, mikono yake ameifunga nyuma ili asije akagusa kipanya cha mwenzake.

Sasa swali lako la pili, dada yangu. Usiombe urudishiwe kompyuta ya zamani kwa kudumu. Masasisho ya usalama ya Windows 10 kwa watumiaji wa kawaida yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa kompyuta zilizoandikishwa katika mpango wa nyongeza unaoishia Oktoba 2026, na wewe unatunza majina na matokeo ya watoto wa watu. Mwombe mkuu wako airudishe mezani kwa wiki mbili tu, ikae kando ya hii mpya, bila kuunganishwa na intaneti. Akikuuliza ya nini, mwonyeshe barua moja unayoiandaa kila wiki, uifanye kwenye zote mbili mbele yake, naye ashike saa.