Upande wa Pili wa Santuri

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kwa nini albamu ya kwanza ya bendi ya Vampire Weekend, ya 2008, haijakuchosha tangu ukiwa shule ya upili. Jumapili niliisikiliza yote, nyimbo 11 zisizozidi dakika 35, na mguu wangu wenye baridi yabisi ukaanza kugonga sakafu kabla sijauruhusu. Vijana hao walikutana katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, lakini gitaa lao si geni hapa Kisumu: ni jembamba na safi, linadonoa nota mojamoja juu kabisa, kama la Wakongo. Wimbo wao mmoja hata una "Kwassa Kwassa" katika jina lake, ile dansi ya Kikongo, na hiyo mimi na mama yako tuliicheza kabla hujazaliwa. Nimekwambia tangu utotoni kwamba wimbo wa kuchezwa ni gitaa. Maneno hualikwa tu.

Linalonisumbua mimi ni sebene yao, ile sehemu ya wimbo ambapo gitaa huachiwa watu wacheze, iko wapi. Ile arusi ya shangazi yako, ambayo baba yako mdogo huisimulia vibaya kila Krismasi, mwenye gramafoni nilikuwa mimi. Nyimbo nyingi za benga, muziki wetu wa gitaa wa huku, ziligawanywa pande mbili za santuri: huku watu wanaimbiwa, kule gitaa linafunguliwa. Wachezaji walikwisha kukunja suruali kwa ajili ya upande wa pili. Nami, nikimtazama msichana wa sketi ya njano (si mama yako, naye anajua), nikairudisha santuri upande uleule. Mwimbaji akaanza kulalamika upya, watu wakabaki mikono hewani, na babu yako akaniondoa pale kwa kunishika sikio. Sikio hilo bado linawaka.

Hawa wa New York utamu wote wameumwaga mwanzoni, na wimbo unakwisha kabla jasho halijatoka, ndiyo maana unaurudia. Nilitaka kuuita ubahili. Hata hivyo, Kanda Bongo Man, yule mwimbaji wa Kongo, naye alipunguza kungoja, akaliachia gitaa mapema, na sisi tulimshangilia. Gitaa ni gitaa, maneno hualikwa tu. Kama wamelichukua au wamelipenda, sitaamua leo, ingawa ulimi unaniwasha.

Disemba njoo na albamu yako, tuicheze baada ya ile benga. Santuri nitaigeuza mimi.

Baba yako