Kusi ikiwa kali: kwa anayeanza bahari

Ikifika Juni, madiko (sehemu za pwani vyombo vya uvuvi vinapotua) ya kaskazini Unguja, kama Nungwi, Mkokotoni na Tumbatu, hupokea vijana wapya wanaotafuta chombo cha kwenda nacho. Wengi wana nguvu na wanajua kuogelea. Wanachokosa ni kuusoma upepo, na kusi ya Juni hadi Agosti haimngojei mtu ajifunze. Haya ninayoyaandika ndiyo ninayomwambia kila anayepanda chombo nami kabla hatujasukuma.

Swali la kwanza ujiulize ukiwa bado umesimama mchangani: nitarudi vipi? Mgeni wa bahari huangalia upepo wa kwendea tu. Kusi hutoka kusini mashariki, kwa hiyo ukitoka Nungwi kuelekea kaskazini magharibi itakusukuma vizuri sana, tanga limejaa, chombo kinakimbia, kila mtu anacheka. Saa nane mchana, samaki wamo, watu wamechoka, ndipo unapogeuza omo, yaani mbele ya chombo, kuelekea nyumbani na kuukuta upepo ule ule usoni, tena umeongezeka. Sasa itabidi ubishe, huku na huku, na mwendo wa saa moja ukakuchukua saa tatu au nne. Kama sehemu za kuvulia zinakuruhusu, fanya kinyume. Asubuhi mapema, upepo ungali mdogo, nenda upande unakotoka upepo, kavue huko, na mchana uache upepo ukurudishe. Wa Mkokotoni wana nafuu hapa, maana wanaweza kuteremka kusini huku kisiwa kikiwakinga.

Kinga hiyo ya kisiwa nayo ina hatari yake. Upande wa magharibi wa Unguja, wakati wa kusi, maji ya karibu na nchi hutulia kwa sababu ardhi na minazi vinaukata upepo. Ukisimama dikoni unaona bahari shwari, unamwona nahodha mzee amekaa chini ya mti hatoki, unadhani ni uvivu. Yeye haangalii maji ya dikoni. Anaangalia mbali, pale kivuli cha kisiwa kinapoishia, kama kuna povu. Mawimbi yakianza kutoa povu jeupe hapa na pale, upepo umeshakaribia kilomita 20 kwa saa. Povu likitapakaa kila mahali na marasharasha yakaanza kuruka juu ya mawimbi, unakaribia 40. Jizoeze kuangalia huko kila asubuhi, hata siku usizotoka, kisha waulize waliorudi wamekuta nini. Baada ya msimu mmoja jicho lako litakuwa limeshaanza kujua.

Hiyo 40 si namba ya kubahatisha. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapotoa angalizo kwa ukanda wa pwani, mara nyingi husema upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Watu husikia redioni na kuendelea kufunga chambo. Elewa maana yake: nguvu ya upepo haiongezeki sawa na kasi yake. Upepo wa 40 haulisukumi tanga mara mbili ya upepo wa 20, unalisukuma mara nne. Chombo kile kile, kamba zile zile, mlingoti ule ule, vinabebeshwa mzigo mara nne. Kwa ngalawa, angalizo la namna hiyo linatosha kukuweka nyumbani. Angalizo ni ngazi ya chini. Juu yake kuna tahadhari, na juu zaidi tahadhari kubwa, na hapo hata mashua zenye mashine zinatakiwa zipandishwe juu na kufungwa. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokaribia Mafia, taarifa zilitangulia siku kadhaa. Sikiliza taarifa jioni, na usikilize tena asubuhi.

Kaskazi, ile ya Desemba hadi Machi, kwa kawaida ni nyepesi kuliko kusi, lakini usiidharau. Mkondo wa pwani yetu huenda kaskazini mwaka mzima, na kaskazi huvuma ukiukabili, kwa hiyo mawimbi hukaribiana na kusimama wima. Maleleji, katikati ya misimu, upepo hugeuka bila taarifa na mawingu meusi ya mvua huja na dharuba fupi kali. Ukiliona wingu zito linakuja na maji chini yake yamebadilika rangi, tua tanga kabla halijafika.

Maji nayo yapigie hesabu. Siku za bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupanda na kushuka hadi kama mita 4, na mkondo wake ni mkali. Upepo ukivuma kukutana na maji yanayotoka, bahari iliyokuwa inapitika asubuhi inageuka ngazi za mawimbi mafupi, hata kama upepo haukuongezeka hata kidogo. Waliotoka upande wa mashariki, kina Matemwe na Chwaka, wanalijua hili kwenye milango ya mwamba, ile mianya ya kupitia chombo. Wakati wa kusi upepo unakurudisha nyumbani wenyewe, lakini ukifika mlangoni maji yanatoka, mawimbi yanavunjika pande zote mbili. Anayeanza hukimbilia kupita kwa sababu nyumba anaiona. Subiri nje ya mwamba mpaka maji yaanze kujaa. Saa mbili za kuloa na baridi ni bei ndogo sana.

Sasa tuingie chomboni. Kwenye ngalawa, anayeshika demani, kamba ya kuvutia na kulegezea tanga, ndiye aliyeshika maisha ya wote. Kamba hiyo usiifunge fundo, hata mkono ukiuma vipi. Izungushe mara moja kwenye mti, ncha ibaki mkononi. Dharuba ikija utaisikia kwanza sikioni, sauti ya tanga inabadilika, kisha maji ya upande wa joshi, unakotoka upepo, yanakunjamana na kuwa meusi yakikujia. Hapo hapo legeza, usingoje nahodha aseme. Tanga litapigapiga kwa kelele za kutisha, na mgeni akisikia kelele hizo huivuta tena kamba ili ziishe. Liache lipige. Tanga linalopiga halipindui chombo. Mwenzako wakati huo anahamia upande wa joshi, anakalia miti ya pembeni, uzito wake ushindane na upepo, na akirudi ndani arudi polepole, maana upepo ukikatika ghafla na yeye yuko nje, chombo kinaweza kulalia upande wake.

Matanga yetu hayana kamba za kupunguzia, kwa hiyo atakayetoka msimu wa kusi awe na tanga dogo la akiba, na alitweke dikoni, si baharini. Kubadilisha tanga kwenye mawimbi ni kazi ya watu wazoefu. Ukiwa unakimbia na upepo nyuma, chunga sana tanga lisigeuke lenyewe upande wa pili: foromali, ule mti unaobeba tanga, ikipita kwa kasi inaweza kuvunja mlingoti au kichwa. Na upo wa kukumbia maji ufungwe kwa kamba. Nimeona vyombo vizima vikikumba maji kwa mikono kwa sababu upo ulichukuliwa na wimbi la kwanza.

Wenye mashine, mafuta yagawe mafungu matatu: moja la kwenda, moja la kurudi, moja la akiba, na lile la akiba halihesabiwi hata samaki wakiwa wengi namna gani. Kurudi dhidi ya kusi kunakula mafuta kuliko kwenda. Kuwe na plagi ya ziada, kasia, na nanga yenye kamba ya kutosha. Nanga ndiyo breki yako mashine ikizima kwenye maji yasiyo na kina kirefu, na kamba yake katika upepo itoe mara tano ya kina au zaidi, maana kamba fupi huinua nanga badala ya kuizamisha mchangani. Ifunge omoni siku zote. Ukiifunga tezini, nyuma ya chombo, mawimbi yataingia huko, na chombo hujaa maji kwa muda wa kutamka shahada. Penye kina kirefu nanga haifiki chini. Hapo funga ndoo, au tanga lililokunjwa, kwenye kamba ndefu uiburure kutoka omoni. Itakishika chombo kitazame mawimbi na kupunguza kasi ya kuchukuliwa. Ukiachwa uchukuliwe kutoka Nungwi wakati wa kusi, upepo na mkondo vyote viwili vinakupeleka kaskazini, kwenye maji mapana ya kati ya Pemba na Tanga.

Jaketi okozi livae ukiwa pwani. Likiwa limekaliwa chini ya nyavu halimsaidii mtu, na ni vigumu sana kulivaa ndani ya maji yanayochafuka. Chombo kikipinduka, shikaneni nacho. Ngalawa ni mbao, haizami, na wanaotafuta huona chombo kabla ya kuona kichwa cha mtu. Wengi waliopotea walikuwa waogeleaji wazuri walioiona nchi na kudhani ni karibu.

Kabla ya kusukuma, mwambie mtu mmoja wa nchi kavu mnakwenda wapi, mko wangapi, na mnarudi na maji gani. Awe mtu atakayekuwepo dikoni jioni: mkuu wa diko, mama muuza samaki, au mzee anayeshona nyavu. Mkubaliane naye kabisa kwamba maji yakijaa na nyinyi hamjaonekana, anawaambia wenye mashine kabla jua halijazama, wakati bado kuna mwanga wa kutafutia.