Maswali ya Wasomaji: Dude Lenye Mipasuo Kwenye Mdomo wa Bunduki ya Zamani

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi niko Ohio, Marekani. Baba mkwe wangu alifariki, na familia wakanipa bunduki yake ya kuwindia, Winchester Model 12 ya kupampu, geji 12. Mbele ya mtutu kuna dude nene kama zumari, lina mipasuo, na mbele yake kuna kijibomba kingine kinachofunguka kwa thredi, kimeandikwa .705. Ubavuni mwa mtutu, karibu na mwili wa bunduki, kumeandikwa FULL. Fundi mmoja huku ananiambia hilo dude ni takataka nimwachie alikate bunduki ipendeze, mzee mwingine wa pale tunapolenga shabaha akatumbukiza sarafu ya senti kumi mdomoni akasema hii siyo full. Nimchukulie nani maneno yake?

JIBU: Marahaba kijana wangu, na poleni na msiba. La kwanza kabisa, usikate kitu. Mwambie fundi asubiri.

Hilo dude linaitwa Cutts Compensator. Alilibuni Richard Cutts, afisa wa Marine wa Marekani, pamoja na mwanawe, na kampuni ya Lyman kule Connecticut ndiyo iliyolitengeneza kwa ajili ya bunduki za marisau, yaani zile zinazorusha vidonge vidogo vingi kwa mpigo mmoja. Miaka ya 1930 mpaka 1950 hivi watu wa skiti, wale wanaolenga visahani vya udongo, walikuwa wanalipenda sana. Kazi yake iko hivi: baruti ikilipuka gesi inayafuata marisau kwa nguvu, ikifika kwenye ile mipasuo inatawanyika nje na huku inasukuma kuta za mbele za mipasuo, kwa hiyo bunduki inavutwa mbele kidogo na bega lako linapona. Ubaya wake ni kelele, na kelele yenyewe inampata zaidi aliyesimama pembeni yako, ndiyo maana wengine hawataki kusimama karibu na mwenye Cutts, na wana haki. Vaa vizuia sauti, na wa pembeni avae pia.

Sasa hapa ndipo kwenye ishu yako. Choku ni kule kubanwa kwa tundu la mtutu pale mdomoni ili marisau yasitawanyike mapema. Mtutu wa geji 12 ndani una kama inchi .729, yaani milimita 18.5, na full ya kawaida, kiwango kinachobana zaidi kati ya hivi vitatu, inabana kama milimita moja, modifaidi nusu milimita, improvu silinda robo milimita. Na choku yote inakaa kwenye inchi chache za mwisho za mtutu. Na kulifunga hilo dude ilibidi mtutu ukatwe kwanza! Ile FULL iliyogongwa nyuma karibu na mwili wa bunduki ilibaki pale pale, lakini choku yenyewe ilishaanguka chini kwenye karakana ya fundi miaka hiyo, kwa hiyo hilo neno sasa halisemi kitu chochote kuhusu bunduki yako. Choku yako leo ni kile kijibomba. Namba .705 ni upana wa tundu lake kwa inchi, ukitoa kwenye .729 unapata .024, hiyo ni modifaidi. Vijibomba vya Cutts vilikuwa vingi, kadiri namba inavyoshuka ndivyo kinavyobana, na kulikuwa na kimoja cha kutawanya marisau kabisa kwa ajili ya skiti. Tafuta kwenye maduka ya vifaa vya zamani, vinapatikana bado.

Na huyo mzee wa sarafu, senti kumi ya Marekani ina upana wa milimita 17.9, ambayo ni hiyo hiyo .705, kwa hiyo kwako imekaa pale pale mlangoni, wakati mdomo wa full ungekuwa mwembamba zaidi na kuizuia isiingie, ikasemwa siyo full, sawa, kapatia. Ila usiifanye kipimo, mitutu ya zamani haikuwa na tundu la upana mmoja, mmoja una .725 mwingine .740, na kubana ni tofauti kati ya tundu na mdomo, sio mdomo peke yake. Fundi mzuri ana kipimo cha kuingiza ndani, apime sehemu zote mbili.

Kwa nini nakataza kukata: huo mtutu ulishapunguzwa, na ukiondoa dude unaweza kubaki na mtutu mfupi kuliko inchi 18, na sheria ya huko tangu 1934 haitaki mtutu wa namna hiyo bila kusajiliwa, utajikuta na kesi ya jinai kwa kutafuta urembo tu. Hata ukibaki na inchi za kutosha utakuwa na bomba wazi lisilo na choku. Bei yake sokoni ni kweli iko chini ukilinganisha na Model 12 ambayo haijaguswa, hilo halirudi kwa kukata, limeshapita. Ukitaka sana muonekano wa zamani mwambie fundi akutafutie mtutu mwingine mzima, huu uweke.

Kabla ya kuipiga, hakikisha chemba na ghala la risasi ni vitupu, halafu ufungue mtutu, Model 12 nyingi zinatengana nusu kwa nusu bila shida, umulike tochi kutokea nyuma. Angalia pale dude linapokutana na mtutu kama limekaa katikati sawasawa na halichezi. Mle ndani ya mipasuo masizi na mabaki ya plastiki hujazana, yasugue yote yatoke. Kisha nenda kwenye karatasi: karatasi kubwa, yadi 40, ni kama mita 36 na nusu, piga, chora duara la sentimita 76 pale marisau yalipojaa, hesabu. Risasi ya aunsi moja na moja ya nane yenye marisau namba 8 ina kama marisau 460. Ukikuta 276 ndani ya duara hiyo ni asilimia 60, modifaidi ya kweli. Full ni asilimia 70. Piga karatasi kadhaa, moja haitoshi. Na usishangae ukikuta imebana kuliko namba inavyosema, risasi za kuanzia miaka ya 1960 zina kikombe cha plastiki kinachoyashika marisau pamoja, zile za zamani za karatasi na manyoya hazikuwa nacho.

SWALI: Habari mwalimu, niko Minnesota, nina bunduki ya Browning Auto-5 ya zamani yenye Poly-Choke, ile ya kuzungusha. Naweza kuwindia bata kwa marisau ya chuma?

JIBU: Nzuri dada. Hapana, usitumie. Poly-Choke ni choku ya mdomoni unayoibana au kuilegeza mwenyewe, ina vidole vya chuma vinavyobanwa na pete unapozungusha, na marisau ya chuma hayabonyei kama ya madini ya risasi (ledi), yakilazimishwa kwenye choku ya zamani iliyobana mtutu unavimba pale mdomoni. Najua ya ledi yalipigwa marufuku kwa ndege wa majini Marekani nzima tangu 1991, kwa hiyo nunua ya bismathi, madini mengine, ni ghali lakini ni laini kuliko chuma. Pete izungushwe mara kwa mara na ipakwe mafuta, ikishika kutu haisogei tena.

SWALI: Mzee, mtutu wa bunduki ya babu wa mke wangu hapa Leicester umegongwa NOT FOR BALL. Maana yake?

JIBU: Ni alama ya Uingereza ya 1875 mpaka 1887, ikisema mtutu huu una choku, usipige gololi moja kubwa maana itakwama kwenye kubana. Pape, fundi bunduki wa Newcastle, alichukua hati ya ubunifu wa choku 1866, na Greener, fundi bunduki wa Birmingham, ndiye aliyeisambaza baada ya majaribio ya London ya 1875, kwa hiyo unayo moja ya zile za mwanzo kabisa. Umri huo ni wa baruti nyeusi. Usiipige na risasi ya dukani hata moja, ipeleke kwenye nyumba ya ukaguzi Birmingham, wapime unene wa kuta za mtutu, na hati yako ya kumiliki iwe mkononi unapokwenda.