Mbegu hazioti na umeloweka? Onja maji yako kwanza

Ndugu yangu wa Kisauni unauliza mbona bamia, karela (lile tango chungu lenye vinundu), dania na letasi zimekataa kuota na wewe umeloweka zote usiku kucha kwa maji ya kisima kama ulivoambiwa. Mie nalima mboga za kuuza huku Likoni, Mombasa hii hii, na kitu cha kwanza ningekuuliza, hayo maji umeyaonja? Visima vingi vya huku kwetu vina chumvi, na chumvi yaizuia mbegu kuvuta maji, yaani imezama majini na bado ina kiu. Loweka kwa maji ya mfereji au ya mvua, na kitaluni umwagilie hayo hayo mpaka miche isimame, kisima baadaye.

Halafu si zote za kulowekwa sawa. Bamia ni maji ya vuguvugu masaa 12 mpaka 24 basi, ukizidisha inakosa hewa yaoza. Karela ganda lake gumu, chukua kikatio cha kucha umegue ubavuni kidogo tu usifike kile kiini cheupe, ndo uloweke. Dania kile kipira kimoja ndani mna mbegu mbili, pitisha kifimbo cha chapati juu yake taratibu zipasuke nusu nusu kisha loweka usiku mmoja. Kunde na maharagwe mie siloweki kabisa, zavuta maji kwa pupa zapasuka, panda kwenye udongo wenye unyevu yatosha.

Letasi ndo watu wanalia ati mbegu feki, kumbe ni joto bana. Udongo ukipita nyuzi 30 hivi inalala tu, na hapa mwezi wa pili wa tatu wajua wenyewe jua lilivo. Ifunge kwa tishu mbichi, weka kwa friji siku mbili tatu (friji, si friza!), panda jioni kivulini na usiifukie sana maana yataka mwanga.

Kuhusu yule aliyekwambia uchovye nyanya na kabichi kwa maji moto, hajakosea, lakini hiyo ni ya kuua bakteria wanaokaa kwenye mbegu, kuota haraka ni mambo mengine. Ni nyuzi 50 dakika 25, na bila kipimajoto achana nayo, ikizidi kidogo ushapika mbegu.

Na mbegu za pakiti, zile ambazo mbegu yenyewe ina rangi ya pinki au kijani, zimepakwa dawa ya ukungu, usiloweke, dawa yote itatoka na hayo maji kuku wakiyanywa ni balaa.

Hebu sema, hiyo pakiti ya karela ina tarehe gani na ilikaa wapi? Kama ni ya zamani tandaza mbegu 10 kwenye tishu yenye maji, zisipofika 5 kuota usijichoshe, kanunue nyingine.