Mwanangu, kuisema serikali si kuikana nchi

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sote wazima, alhamdulillahi, na magoti ya nyanya yako yametulia.

Swali lako nimelisoma zaidi ya mara moja, nikaona nisilijibu kwa simu, maana kwa simu nitakukatiza na wewe utanikatiza. Umeniuliza kama mtu akiisema nchi yake kwa maneno makali, mbele ya kila mwenye simu, amekosa uzalendo. Umeuliza kwa sababu ulisoma ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, ukakasirika, ukaandika kwamba Kenya inawala watoto wake na kwamba walio juu wanashiba kwa njaa ya walio chini. Mjomba wako akakujibu kwenye grupu ya familia, watu wote wakisoma, kwamba umeivua nchi nguo mbele ya wageni, na kama huipendi basi hama.

Jibu langu ni hapana. Hukukosa uzalendo. Ila katika uliyoandika pana sentensi moja ambayo sikuipenda hata kidogo, nami nitaifikia. Kwanza nataka umwelewe mjomba wako, kwa sababu hasemi hayo kwa kujipendekeza kwa mkubwa yeyote. Hana cheo wala tenda.

Unajua alikuwa mpishi katika hoteli moja ya Diani. Agosti 1997, wewe ukiwa bado tumboni, kituo cha polisi cha Likoni, hapa Mombasa, kilivamiwa, askari wakauawa na silaha zikachukuliwa. Kisha watu wa bara wakaanza kuambiwa warudi kwao. Vibanda vilichomwa, nyumba zilichomwa, watu waliokuwa wakiuziana mboga wiki iliyotangulia wakawa wanakimbiana. Watalii wakaghairi safari zao, na mjomba wako akarudi nyumbani na visu vyake vya kazi vimeviringishwa kwenye taulo. Tangu hapo akisikia maneno makali huona moshi. Hofu yake ina sababu, na unapomjibu, mjibu ukilijua hilo.

Lakini hebu tazama ni maneno gani yaliyoichoma Likoni. Hayakuwa maneno ya mtu aliyeiuliza serikali pesa zimekwenda wapi. Yalikuwa maneno ya jirani dhidi ya jirani. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ikawa vile vile: zaidi ya watu 1,100 walikufa, na kabla ya mapanga kutoka majumbani, kule Bonde la Ufa watu walikuwa wameshazoea kuwaita wenzao madoadoa ya kufutwa. Kenya ilipoungua, kuni zilikuwa dharau kwa watu wake. Sikumbuki hata mara moja ambapo nyumba ya mtu maskini ilichomwa kwa sababu raia aliikosoa bajeti.

Mji wetu wenyewe una ushahidi ambao mjomba wako anaujua vizuri kuliko wewe. Mwaka 1968 kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, mwenye umri wa miaka 22, aliandika waraka wa siri akauita Kenya: Twendapi? Alikuwa upande wa KPU, chama cha upinzani cha Oginga Odinga, ambacho wakati huo kilikuwa kikibanwa kila upande. Waraka ule ulikuwa mkali. Uliituhumu serikali ya KANU, chama tawala, kwa udikteta, nayo nchi ilikuwa na miaka mitano tu ya uhuru. Akakamatwa, akashtakiwa kwa uchochezi, akahukumiwa kifungo cha miezi 18. Upande wa mashtaka ukaona hiyo ni adhabu ndogo, ukakata rufani, ikawa miaka 3. Humo gerezani, akiwa ametengwa na wafungwa wenzake, alitunga mashairi kwa siri akiyaandika kwenye karatasi za chooni. Alitoka mwaka 1972. Mwaka uliofuata mashairi yale yakachapishwa kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 yakapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta.

Soma tena hapo, mwanangu. Tuzo ilikuwa na jina la Rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga, na Rais huyo alikuwa bado yuko madarakani. Wala hayakuwa mashairi ya kuwafurahisha wageni. Ni Kiswahili cha Kimvita, cha hapa hapa tulipozaliwa, kimetungwa kwa vina na mizani na mtu aliyekuwa hana hata daftari. Mimi siwezi kumwita mtu huyo msaliti. Sijui wa kumwita hivyo angeanzia wapi.

Labda unajiuliza mbona watu wa umri wetu twalichanganya jambo hili. Nilipoanza kufundisha, katikati ya miaka ya themanini, watoto walisimama gwarideni asubuhi wakaahidi utiifu wao kwa Rais na kwa taifa la Kenya. Kwa mpangilio huo huo, Rais kwanza, taifa likifuata. Siku za maziwa waligawiwa zile pakiti ndogo za pembetatu, Maziwa ya Nyayo, na kila mtoto alijua ni nani wa kushukuriwa. Maziwa yale yalikuwa mema, nasema kwa haki kabisa. Wapo watoto waliokuja shule kwa ajili yake, nami niliwaona wakinyonya kona ya pakiti mpaka tone la mwisho. Lakini mtoto wa mvuvi alikua akiamini kwamba Rais amemnunulia, wala hakuna aliyemwambia kwamba baba yake alikuwa amechangia kwa ushuru wake. Mwaka 1984 Rais Moi alitamka waziwazi kwamba mawaziri na wengineo wote waimbe kama kasuku wakimfuata yeye, kama yeye alivyomwimba Kenyatta. Ukilelewa humo, kumkosoa Rais na kuitukana Kenya huwa kitu kimoja kichwani. Mjomba wako alilelewa humo, na mimi pia, na wengi wetu mpaka leo bado tumesimama kwenye gwaride lile.

Sasa hili la wageni, kwa maana ndilo linalomkera zaidi.

Mwaka 1989 kampuni ya gazeti la chama tawala ilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani ya umma ya Nairobi, pamoja na sanamu kubwa ya Rais. Wangari Maathai akashika kalamu. Aliiandikia Ofisi ya Rais, akawaandikia wenye mradi, akaliandikia shirika la UNESCO, na akamwandikia Balozi wa Uingereza akimuuliza kama wao wangekubali jumba la namna hiyo lisimamishwe Hyde Park, bustani yao ya London. Bungeni waheshimiwa wakaacha shughuli nyingine wakamgeukia yeye. Shirika lake la kupanda miti, Green Belt, waliliita kundi la wanawake walioachika. Likapewa saa 24 kuhama katika ofisi ya serikali lililokuwa likiitumia. Siku ya Jamhuri Rais mwenyewe akasema wanaoupinga mradi ule wana wadudu kichwani.

Naye aliambiwa kama ulivyoambiwa wewe, kwamba anaipeleka Kenya kwa watu wa nje. Lakini mbia wa mradi ule alikuwa Robert Maxwell, tajiri wa magazeti wa Uingereza, na pesa za kujengea zilitarajiwa kukopwa ng'ambo. Wageni walikuwa wameshakaa mezani tangu mwanzo. Asiyekuwa na kiti ni yule Mkenya wa Nairobi ambaye Jumapili hana pengine pa kuwapeleka watoto wake wakakimbia kwenye nyasi. Wangari alizungumza na wageni kwa ajili ya huyo. Wafadhili wakaogopa, mradi ukapunguzwa, na mwaka 1992 uzio ukabomolewa.

Mwaka huo huo akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikwenda kuketi katika kona ya bustani ile, wakagoma kula, wakidai watoto wao waachiliwe. Polisi wakawavamia kwa virungu na mabomu ya machozi. Wangari alipigwa mpaka akazirai. Baadhi ya wale mama, watu wazima wenye wajukuu, wakavua nguo zao mbele ya askari. Mimi nilikuwa mama mchanga wakati ule, nikisoma habari hizo nikilia. Mjomba wako anasema umeivua nchi nguo. Mwambie awakumbuke mama wale, halafu akwambie siku ile ni nani aliyekuwa uchi. Wengi wa watoto wao walitoka gerezani mapema mwaka 1993.

Na unajua Katiba mpya ilizinduliwa wapi tarehe 27 Agosti 2010? Uhuru Park. Wangari alipofariki mwaka 2011, serikali ilimuaga kwa mazishi ya kitaifa, na ibada ikafanyiwa pale pale. Kama jumba lile lingejengwa, sijui tungeuweka wapi umati ule.

Katiba hiyo imeweka mpaka ambao mimi naukubali kwa moyo wote. Kifungu cha 33 kinalinda uhuru wako wa kusema, kisha kinataja visivyolindwa: propaganda za vita, uchochezi wa fujo, matamshi ya chuki. Kumuudhi mkubwa hakumo.

Juni 2024 ulikuwa Nairobi, nami huku sikulala. Muswada wa Fedha ulitaka hata mkate utozwe ushuru wa asilimia 16. Tarehe 25 mliingia barabarani na bendera mabegani, mkiimba wimbo wa taifa. Muziki wa wimbo ule umetokana na wimbo wa mama wa Kipokomo akibembeleza mtoto, huko Mto Tana, na maneno yake huiomba haki iwe ngao kabla hayajafika kwenye undugu na amani. Wapo waliopigwa risasi siku ile wasirudi kwao, na siwezi kuandika zaidi juu ya hilo. Usiku Rais Ruto alihutubia taifa, akakutaja kuvamiwa kwa Bunge siku ile kuwa ni uhaini. Kesho yake akatangaza kwamba hatautia saini muswada ule. Sasa kama sauti za barabarani zilikuwa za watu wasioipenda Kenya, mbona zilisikilizwa kabla ya saa 24 kwisha?

Kilichonifurahisha mimi siku zile ni kwamba mlisema hamna kabila. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliona Wakenya wamekasirika kwa pamoja bila ya kutafutana majina ya pili.

Ndiyo maana ile sentensi yako imeniuma. Uliandika kwamba watu wa upande fulani wa nchi ni kondoo, na kwamba shida wanazopata wanazistahili kwa sababu ya walivyopiga kura. Ifute. Ulipoisema wizara ulitaja kiasi cha fedha, ukataja mwaka, ukataja dawa zilizolipiwa zisifike. Anayetaka kukupinga ana pa kushika, na wewe una pa kujitetea. Ulipowasema watu wale hukutaja lolote. Uliwatupia tusi. Na kati yao yupo mama aliyepanga foleni tangu alfajiri na mtoto mwenye homa mgongoni, akaambiwa dawa hakuna, kanunue nje. Mama huyo ndiye uliyekuwa ukimtetea katika aya ya juu yake! Mjomba wako alipoona moshi, naamini aliuona hapo, ingawa hakujua kukwambia ni wapi, akakulaumu kwa yote.

Ukali wenyewe siukatazi. Nimesikia watu wakisema kijana akosoe kwa upole, atafute mlango wa nyuma, amnong'oneze mheshimiwa. Wapi! Maskini hana mlango wa nyuma. Kinachotakiwa ni kwamba ulichosema kiwe kweli, na hapo napenda uwe mgumu zaidi kuliko ulivyo. Zile picha za majumba ulizosambaza mwezi uliopita hukuuliza zimetoka wapi. Serikali ikikukamata kwa uongo mmoja, ukweli wako kumi utatupwa pamoja nao, na watakaopata hasara si wewe.

Kuhusu kuhama, usilitie moyoni. Una ndugu Maskati na Dubai, na kila wakipiga simu huuliza kama maji yanatoka na kama daraja limeanza kujengwa. Hata aliyehama hajahama. Na wewe uliyekesha na ripoti ya mkaguzi, kurasa kwa kurasa, ukitafuta hospitali ya kaunti yako, sioni ni nani wa kukwambia huipendi nchi.

Mjomba atakuja kula nasi Ijumaa baada ya swala, nami nitamwonyesha barua hii. Wewe mpigie kabla ya hapo. Usimjibu kwenye grupu. Msalimie kwanza, muulize hali ya mguu wake, kisha umsomee zile kurasa za hospitali yetu, polepole, tarakimu kwa tarakimu. Hesabu anaziweza, alikuwa akiagiza chakula cha hoteli nzima. Kisha andika upya ile makala yako, iwe kali vile vile, bila ile sentensi, unitumie niisome kabla hujaitoa.

Mamako