Fangasi wa matumboni mwa lava wa majini: maswali yenu

Nimepasua lava kumi wa inzi weusi waenezao usubi, sikuona fangasi. Nimekosea wapi?

Huenda kosa lilianza mtoni. Fangasi wa oda ya Harpellales hujishikiza kwenye utando wa ndani wa utumbo, na lava akijivua gamba huutupa utando huo pamoja nao. Kwa hiyo usichukue wenye madoa meusi ubavuni mwa kifua, maana wako karibu kuwa pupa. Usiwajaze chupani na maji: wamezoea maji ya kasi, wakikosa hewa hufa, na fangasi huoza upesi. Walaze juu ya kitambaa kibichi ndani ya kopo, kopo likae kwenye barafu, uwapasue kabla ya kesho kwisha.

Shika kichwa kwa kibanio kimoja na ncha ya nyuma kwa kingine, uvute polepole ndani ya tone la maji. Utumbo wa kati una mfuko mwororo uliofunga chakula. Ufungue na kuosha chakula, kwani fangasi wa jenasi ya Harpella hukaa humo. Utumbo wa nyuma uchane kwa sindano utafute jenasi nyingine, Smittium.

Jenasi naitambuaje?

Anza na mahali na umbo: nyuzi zisizo na matawi kwenye utumbo wa kati ni familia ya Harpellaceae, zenye matawi, utumbo wa nyuma, ni Legeriomycetaceae. Kisha hesabu mikia ya trikospora, yaani spora zisizo za kijinsia za fangasi hawa. Harpella melusinae ina minne, Smittium mmoja pamoja na kola ndogo chini ya spora. Hapa ndipo wengi hujikwaa: kabla spora haijaachia, mikia imejificha ndani ya seli iliyoizaa. Iache slaidi saa kadhaa kwenye sahani yenye unyevu, ndipo uitazame kwa ukuzaji wa mara 400. Ukibahatika kupata zigospora, yaani spora ya kijinsia, chora jinsi ilivyoshikana na kikonyo chake. Pembe ya mshikano huo ni ushahidi mzito kuliko urefu wa spora.

Nitie rangi kwanza?

Hapana. Pima na upige picha ndani ya maji, ndipo uingize laktofenoli ya bluu ukingoni mwa kioo cha kufunikia slaidi.

Amoebidium, kiumbe kidogo kinachojishikiza kwenye wadudu wa majini, niiweke kundi gani?

Nje ya fangasi. Vitabu vya zamani viliiweka kwenye Trichomycetes, kundi la zamani la fangasi wa matumboni, lakini DNA ilionyesha mwaka 2000 kuwa ni protista, yaani kiumbe sahili asiye mnyama, mmea wala fangasi. Hata slaidi hukuonya: mdudu anayeibeba akifa, Amoebidium hutoa seli zinazotambaa kama amiba.