Thimlich Ohinga kwa gari za abiria: ushauri kwa mtu wa Mwanza

Sisi wa Mwanza tukitaka kuona magofu tunafikiria Kilwa, na Kilwa kwa basi ni safari ya kuombea likizo. Kumbe ng'ambo kidogo ya mpaka wa Sirari kuna maboma ya mawe ambayo UNESCO iliyaingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Yanaitwa Thimlich Ohinga, yako kaunti ya Migori nchini Kenya, kama kilomita 46 kaskazini-magharibi ya mji wa Migori. Kwenda na kurudi siku moja bila gari lako inawezekana kabisa, ila siku hiyo ianzie Tarime, karibu na mpaka, si Mwanza.

Wengi wanabisha hapo. Wanaangalia ramani, wanaona barabara ya lami kupitia Magu, Lamadi na Bunda hadi mpakani, wanasema tukitoka alfajiri tunatoboa. Mtatoboa, ndiyo, mfike Sirari jua limepanda, mna mpaka wa kuvuka na mwendo mrefu mbele yenu. Panda basi siku moja kabla, stendi ya Nyamhongolo, ulale gesti Tarime. Na beba sweta. Tarime ni milimani, usiku wake si wa Mwanza.

Asubuhi toka mapema kwa Hiace au mchomoko, ile gari ndogo ya abiria, hadi Sirari. Mchomoko ni mwepesi kuliko Hiace lakini utabanwa, na begi kubwa litakuwa adui yako siku nzima, kwa hiyo liache gesti. Beba pasipoti, au hati ya dharura ya safari kama huna pasipoti. Kitambulisho cha NIDA peke yake kisikudanganye. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano nayo iwe mfukoni. Uhamiaji wa nchi zote mbili wanafanya kazi chini ya paa moja, hivyo ukiwahi kabla ya msururu wa mabasi hukai sana. Kijana akikuambia kuna njia ya panya, ya haraka, na pikipiki yake iko tayari, mshukuru uendelee na foleni. Jioni utarudi hapohapo, na bila muhuri wa asubuhi utakuwa na maelezo marefu ya kutoa. Fedha badilisha kiasi cha siku moja tu, na zihesabu mwenyewe kabla ya kutoa zako.

Kutoka Isebania, upande wa Kenya wa mpaka, hadi Migori ni matatu za kumwaga, sina la kusema. Kunywa chai Migori, kula chapati ushibe, nunua maji ya kutosha, kwa sababu huko mbele usitegemee hoteli.

Sasa tuzungumze. Safari nzima inaamuliwa na kilomita za mwisho. Lami na matatu vitakufikisha Migori bila shida. Baada ya hapo gari zinapungua, zinasubiri kujaa, na zinakuacha mahali ambapo lazima upande bodaboda. Ukifika stendi ya Migori usiulize tu "gari ya Thimlich iko wapi," maana utajibiwa ndiyo na kila kondakta mwenye kiti kitupu. Uliza gari za upande wa Macalder, kisha muulize dereva mwenyewe, si mpiga debe, atakushusha wapi na kutoka hapo bodaboda inakwenda umbali gani. Muulize pia gari ya mwisho ya kurudi inapita saa ngapi. Jibu hilo ndilo ratiba yako. Mimi huipanga siku kwa kuanzia mkiani: gari ya kurudi kwanza, toa muda wa bodaboda, toa saa mbili na nusu za kuzunguka mawe, kinachobaki ndiyo saa ya kuondoka Tarime. Karibu kila mara inaangukia kabla hakujapambazuka.

Bodaboda patana naye kwenda, kusubiri na kurudi, bei moja, kabla hujapanda. Ukisikia "twende tu, tutaelewana huko," tafuta mwingine. Lipa nusu mkifika na nusu mkirudi. Wapo wanaoona kumlipa mtu akae kivulini ni kutupa pesa. Mimi naona ndiyo pesa inayotumika vizuri kuliko zote siku hiyo, kwa sababu huko ndani hakuna foleni ya pikipiki zinazongoja wageni. Mkaribishe aingie nawe akipenda. Kama una rafiki wa Rorya anayezungumza Kijaluo, lugha ya huko, mchukue, nauli yake itarudi kwenye mapatano ya kwanza tu.

Masika usiende. Kuanzia Machi hadi Mei barabara ya vumbi inageuka tope, na pikipiki kwenye tope si ushujaa.

Ukifika, utapokewa na watu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kiingilio kina madaraja, hivyo jitambulishe kuwa unatoka Afrika Mashariki, na usitegemee noti peke yake kwa malipo. Uwe na njia ya kulipa kwa simu. Chukua mwongozaji. Bila yeye utaona ukuta, ukuta mwingine, miti, utapiga picha na kuondoka baada ya dakika ishirini ukijiuliza uliamkia nini.

Maboma makubwa ni manne: Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Anza na Kochieng, ndilo kubwa kuliko yote. Kuta zina urefu wa kati ya mita moja na nusu na mita nne na nusu kwenda juu, unene wake kama mita moja, na hakuna saruji wala udongo wa kushikiza. Mawe hayakuchongwa, yamepangwa jinsi yalivyookotwa. Muombe mwongozaji akuoneshe sehemu unapoweza kusoma ujenzi wenyewe: kuna safu ya nje, safu ya ndani, na katikati mawe madogo yaliyoshindiliwa kufunga hizo mbili. Angalia pia kwamba kuta zinapinda-pinda, hazinyooki. Kupinda huko kunausaidia ukuta kusimama wenyewe, na umesimama tangu karne ya 16 kwa makadirio ya UNESCO. Mtu aliyewahi kujenga uzio wa mawe kwetu Mwanza, ambako mawe ni bure na uzio bado unaanguka, atakaa hapo muda mrefu.

Milango ni mifupi kwa makusudi. Unaingia umeinama, na adui naye alilazimika kuinama, kichwa kikitangulia mbele ya aliyekuwa akimsubiri ndani. Ndani kuna alama za nyumba na mazizi, maana hapa watu walikaa na ng'ombe wao, hawakujificha tu wakati wa vita. Kuna mawe yenye vishimo vya kuchezea bao, na nje ya Kochieng kuna mahali walipofulia chuma. Jamii tofauti zilipokezana hapa kwa vizazi, Wabantu na Waniloti, mmoja akiondoka mwingine anakarabati na kuhamia, hadi karne ya 20. Ndiyo maana sipendi kusikia watu wakibishana maboma haya ni ya kabila gani. Maboma ya namna hii yako kwa mamia katika eneo hilo la Nyanza ya kusini. Thimlich ni kubwa na limehifadhika vizuri zaidi.

Usipande juu ya kuta, hata kwa picha. Jiwe moja likitoka, jirani zake hulifuata. Na miyuforbia iliyoota humo, ile miti inayofanana na dungusi kakati, usiivunje tawi: utomvu wake mweupe ukiingia jichoni siku yako imekwisha. Vaa viatu vya kufunika vidole na kofia, jua la saa sita halina huruma.

Anayetokea Kisumu hana haja ya kuzunguka Migori. Apitie Homa Bay, Rodi Kopany, Ndhiwa na Mirogi, kisha bodaboda, na masharti ya bodaboda ni yaleyale.

Kurudi, usikae Migori kutafuta samaki. Nenda moja kwa moja Isebania, gonga muhuri, vuka, ndipo ule. Hiace za Sirari kwenda Tarime hupungua giza likiingia na nauli hupanda, hivyo tenga shilingi za Tanzania mapema, ziwe mfuko wa pembeni, usije ukalazimika kubadilisha usiku kwa bei ya mwenye haraka.